Msaidizi mpya ofisi ya wakili: nijifunze teknolojia ipi kwanza?

MsaidiziMpya:
Wakuu, habari za majukumu. Mwezi ujao naanza kazi ya msaidizi kwenye ofisi ya mawakili wawili hapa Mwanza. Mashauri mengi ni ya ardhi, madai na migogoro ya kazi. Nina cheti cha sheria. Word naijua kwa kuandika barua, Excel kwa kujumlisha tu. Ofisini kuna kompyuta tatu na skana moja, na nimeambiwa usajili wa mashauri mtandaoni utakuwa juu yangu. Nianze na nini, na watu hukosea wapi? Na hii akili mnemba (AI), niitumie au niiache? Naomba majibu ya vitendo, majina ya kozi ninayo tayari.

Karani_Mwandamizi:
Hongera, na karibu kwenye kazi. Anza na tarehe. Printa ikifa, kazi itaendelea kwa jirani. Siku ya mwisho ikipita, mteja ameumia na wakili ana la kujibu.

Fungua jedwali moja la Excel kwa mashauri yote ya ofisi. Safu A namba ya shauri, B wadaawa (pande za shauri), C mahakama, D tukio (kwa mfano "wito umepokelewa"), E tarehe ya tukio, F idadi ya siku, G siku ya mwisho, H wakili husika, I kilichofanyika. Safu G usiijaze kwa mkono, weka fomula =E2+F2. Mdaiwa akipokea wito tarehe 3 Machi 2025 na maelezo ya utetezi yanatakiwa ndani ya siku 21 (Amri ya VIII kanuni ya 1, Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai), utapata 24 Machi. Siku ya kupokea haihesabiwi, na fomula hii nayo inaiacha nje, kwa hiyo usiongeze wala kupunguza moja.

Mtego uko kwenye mpangilio wa tarehe. Kompyuta nyingi zinauzwa zikiwa zimewekwa kwa mtindo wa Marekani, mwezi ukitangulia siku. Ukiandika 25/3/2025 haitaelewa, itaibakiza kama maandishi upande wa kushoto wa kisanduku, na fomula itatoa #VALUE!. Hilo utaliona. Usiloliona ni 4/3/2025: wewe unamaanisha tarehe 4 Machi, kompyuta inasoma tarehe 3 Aprili, na siku ya mwisho inaandikwa 24 Aprili badala ya 25 Machi. Hakuna onyo lolote, jedwali linaonekana safi kabisa. Kwa hiyo siku ya kwanza kabisa kazini ingia kwenye mipangilio ya Region kwenye kompyuta zote tatu, chagua English (United Kingdom), kisha visanduku vya tarehe uvipe umbo la dd-mmm-yyyy ili mwezi utokee kwa herufi.

Ongeza safu ya =TEXT(G2,"dddd") ikuonyeshe jina la siku. Ikiangukia wikiendi au sikukuu, kwa matumizi ya ofisi siku yako ya mwisho iwe ile ya kazi inayotangulia, na hesabu ya kisheria mwachie wakili. Halafu kila tarehe iingie kwenye kalenda ya simu ya wakili na ya kwako, kengele ya siku 7 na ya siku 2 kabla. Shajara ya karatasi iendelee pia.

Kwa rufaa za kwenda Mahakama ya Rufani kwenye madai, fungua mistari mitatu kwa mkupuo siku hukumu inaposomwa: notisi ya rufaa siku 30, barua ya kuomba nakala za mwenendo siku 30, na kumbukumbu za rufaa siku 60 tangu notisi ilipowasilishwa. Barua ile watu huikumbuka wakasahau kumpelekea nakala mjibu rufaa, na hilo huja kuleta mzozo baadaye kwenye hesabu ya siku.

Masjala_Mtandao:
Naongezea kwenye usajili, maana ndiyo kazi uliyopewa.

Soma Kanuni za Usajili wa Kielektroniki za mwaka 2018, Tangazo la Serikali Na. 148. Ni fupi, jioni moja inatosha. Kanuni ya 21 inasema waraka uliotumwa kwenye mfumo wa mahakama wa mtandaoni kabla ya saa sita usiku unahesabiwa umewasilishwa siku hiyo, isipokuwa Mahakama ikiukataa. Wengi wanaishia hapo na kulala. Tatizo ni ada. Kuna msimamo wa siku nyingi, kesi ya John Chuwa dhidi ya Anthony Ciza [1992] TLR 233 (TLR ni Tanzania Law Reports), kwamba waraka umewasilishwa pale ada inapolipwa, na tangu mfumo uje yametoka maamuzi ya Mahakama Kuu yanayovutana juu ya hilo. Usimpe wakili wa upande wa pili nafasi ya pingamizi. Pata kontro namba, ilipe siku hiyohiyo, hifadhi risiti kwenye folda ya shauri. Maana yake kutuma saa tano na nusu usiku ni kujitafutia balaa, kwa sababu kontro namba ikichelewa kutoka huna la kufanya.

Kabla hujaingia kwenye mfumo, kila kitu kiwe kwenye folda moja: hati ya madai ikiwa PDF, vielelezo, majina kamili ya wadaawa na simu zao, thamani ya madai. Majina yanakili kutoka kwenye hati ya madai iliyosainiwa, neno kwa neno. Kosa la herufi moja kwenye fomu ya mfumo linahamia kwenye wito, linaingia kwenye amri, linafika mpaka kwenye tuzo, na siku ya kukaza hukumu (kuitekeleza) mdaiwa anasema huyo si yeye. Kampuni ihakiki kwenye mfumo wa BRELA, wakala wa usajili wa kampuni, kwa sababu "Company Limited" na "Limited" peke yake si jina moja. Hakikisha pia umechagua masjala na divisheni sahihi.

Ukishatuma, usifunge ukaondoka. Rudi uangalie hali ya waraka siku hiyo na kesho yake asubuhi. Waliokataliwa wakajua baada ya wiki ni wengi.

Mfumo ukigoma siku ya mwisho: piga picha ya skrini inayoonyesha ujumbe wa hitilafu pamoja na saa na tarehe ya kompyuta. Rudia kila baada ya nusu saa. Kanuni ya 24 inakupa nafasi ya kumwona Msajili husika, bila maombi rasmi, mwisho saa 9:00 alasiri ya siku ya kazi inayofuata. Nenda na zile picha zikiwa zimechapishwa. Bila ushahidi utaonekana mzembe tu.

Skana300:
Kwenye PDF hapo kuna jambo halijasemwa. Hati iliyoandikwa ofisini usiichape ukaiskani yote ili tu iwe PDF. Itoe moja kwa moja kutoka Word kwa Save As, chagua PDF; maandishi yanabaki ya kutafutika na faili ni jepesi. Skani ukurasa wenye saini na muhuri peke yake, kisha uunganishe mahali pake.

Vielelezo skani kwa dpi 300 (nukta kwa kila inchi). Ukurasa wa A4 kwa dpi 300 una nukta 2480 kwa 3508. Kwa rangi kamili, kabla ya kubanwa, huo ni ukurasa wa takriban megabaiti 26. Kwa kijivu karibu 9. Kwa nyeusi na nyeupe tupu karibu 1. Ukipandisha dpi hadi 600 zidisha mara nne. Ndiyo maana vielelezo vya kurasa 60 vinakataa kupanda kwenye mtandao wa simu. Maandishi ya kawaida weka nyeusi na nyeupe.

MsaidiziMpya:
Asanteni sana, naandika yote. Skana300, mikataba mingi ya viwanja ina muhuri wa serikali ya mtaa juu ya saini. Nyeusi na nyeupe haitaharibu?

Skana300:
Itaharibu, umeuliza la maana. Kwenye nyeusi na nyeupe kila nukta inalazimishwa kuwa wino au karatasi. Muhuri wa zambarau uliofifia unahesabiwa karatasi na kutoweka, au ukikolea unahesabiwa wino na kuizika saini chini yake. Ukurasa wa aina hiyo uskani kwa rangi, peke yake, dpi 300. Vivyo hivyo hati ya zamani iliyogeuka rangi ya chai, risiti za mashine ya EFD zilizofifia, na chochote chenye alama ya dole gumba. Toa pini zote kabla ya kuskani, na andika kwenye karatasi idadi ya kurasa kisha uilinganishe na PDF, kwa sababu kilishio cha skana hubeba karatasi mbili kwa pamoja.

Jina la faili lianze na mwaka: 2025-03-24_Utetezi_Wadaawa_SAINIWA.pdf. Hapo zinajipanga zenyewe kwa tarehe. Majina kama "utetezi final final mpya" yapige marufuku ofisini.

Binti_wa_Word:
Mimi niko kwenye Word, maana saa nyingi utakaa humo.

Jambo la kwanza kuzima: ukiandika aya (c), Word inaigeuza kuwa ©, na (e) inaigeuza alama ya yuro. Nyaraka zinafika mahakamani zikisomeka "kifungu cha 5©". Nenda File, Options, Proofing, AutoCorrect Options, futa hizo. Kwa kuwa Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama kisheria tangu 2021, weka pia lugha ya ukaguzi kuwa Kiswahili kwenye nyaraka za Kiswahili, la sivyo ukurasa mzima utapigwa mistari myekundu na makosa halisi yatajificha humo.

Namba za aya zisiwe za kuandika kwa mkono. Tumia namba za Word zenyewe, na unapotaja "aya ya 7 hapo juu" ingiza kwa Cross-reference. Wakili akichomeka aya mpya katikati, chagua yote kwa Ctrl+A, bonyeza F9, namba zilizotajwa zinajirekebisha. Kisha tafuta neno "Error!" kwenye waraka wote kabla ya kutoa PDF, maana aya iliyofutwa huacha maneno hayo pale ilipotajwa.

Ukinakili kutoka waraka wa shauri la zamani, bandika maandishi matupu. Ukileta na mpangilio wake, unaleta na namba zake, na hapo ndipo aya ya 12 inafuatwa na aya ya 3. Badilisha majina ya wadaawa wa zamani kwa Ctrl+H, halafu kwa macho yako kagua kichwa cha juu ya ukurasa, sehemu ya uthibitisho na "imeandaliwa na". Majina ya mteja mwingine hupenda kubaki huko.

Masahihisho ya Track Changes: kuyaficha kwa No Markup hakuyafuti. Ukimtumia wakili wa upande wa pili rasimu ya mkataba katika Word, anafungua na kusoma kila maoni mliyoandikiana kuhusu bei. Kubali au kataa yote, futa maoni, pitisha Inspect Document, ndipo utume. Na kuficha namba ya akaunti kwa kisanduku cheusi hakufichi kitu: mtu anachagua maandishi chini yake na kuyanakili.

Mtafiti_TZ:
Akili mnemba: itumie kwa kupanga barua au kufupisha waraka usio na siri. Kutafuta kesi usiitegemee. Inatunga majina ya kesi, mwaka na namba, vyote vikiwa na sura ya kweli. Juni 2023 jaji wa New York aliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 kwenye shauri la Mata dhidi ya Avianca kwa sababu waliwasilisha kesi zilizotungwa na ChatGPT, na walizitetea hata baada ya kuulizwa.

Kesi zetu zitafute TanzLII, tovuti ya sheria na hukumu za Tanzania, ni bure. Weka kirai ndani ya alama za nukuu, chuja kwa mahakama na mwaka. Nukuu rasmi inaonekana kama [mwaka] TZCA na namba kwa Mahakama ya Rufani, TZHC kwa Mahakama Kuu. Inakili kutoka kwenye ukurasa wenyewe. Pakua hukumu, fungua ukurasa wenye hoja, uupake rangi, mpe wakili. Halafu tafuta jina la kesi hiyohiyo kwenye hukumu za baadaye uone kama ilitenguliwa. Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi.

Taarifa za mteja zisiingie kwenye programu za akili mnemba. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inaanza kazi hapo, na siri ya mteja kwa wakili wake iko juu ya yote.

Karani_Mwandamizi:
Kwa mashauri ya kazi na madai utaletewa sana meseji za WhatsApp. Mteja akija na picha za skrini, mwombe simu yenyewe. Fungua maelezo ya mwasiliani ili namba ionekane, kwa sababu "Bosi Kazini" ni jina alilolihifadhi mteja. Hamisha mazungumzo yote kwa Export chat, usichague vipande. Andika nani alihamisha, lini, kwa simu ipi, na mwambie mteja asibadilishe simu wala kufuta. Kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 kinaangalia namna taarifa ilivyotengenezwa, kuhifadhiwa na kutumwa, na wakili ataandaa kiapo kwa kutegemea maelezo yako hayo.

MsaidiziMpya:
Swali la mwisho. Nimeambiwa nitapewa nywila za akaunti za wakili nisajilie. Ni sawa? Na nakala za akiba zinawekwaje?

Masjala_Mtandao:
Kinachotumwa kwa akaunti ya wakili kimetumwa na wakili. Mwombe awe anaingia mwenyewe na kuhakiki kabla ya kutuma, wewe uandae kila kitu. Akisisitiza kukupa, nywila isikae kwenye karatasi mezani wala kwenye kivinjari cha kompyuta ya pamoja, na namba ya uthibitisho ifike kwenye simu yake. Hapo kila unapotuma anajua.

Akiba: nakala tatu. Kompyuta, diski ya nje, na ya mtandaoni. Diski ichomekwe Ijumaa jioni, inakili, ichomolewe, ifungiwe, kwa sababu kirusi kinachofunga mafaili hufunga na diski iliyochomekwa. OneDrive peke yake haitoshi, ukifuta faili kwenye kompyuta na huko linafutika, na muda wa kulirudisha una kikomo. Kila mwezi chagua faili moja la zamani ulirudishe kutoka kwenye diski na ulifungue kurasa zote.

Na barua pepe ikija kwamba mteja au muuzaji wa kiwanja amebadilisha akaunti ya benki, usijibu barua hiyo. Piga namba iliyo kwenye jalada la karatasi, si iliyo kwenye barua, umsikie mwenyewe, kisha wakili ndiye aidhinishe malipo.