Hoteli ya kitalii kwenye ardhi ya malisho: tuanzie kwa sahihi, ripoti au maji?

laga_kavu:
Wadau, habari zenu. Kuna mwekezaji anataka kujenga hoteli ya vyumba 40 yenye bwawa la kuogelea kando ya laga (mto wa msimu, mara nyingi mchanga mkavu), huku kaskazini mwa Kenya. Ardhi ni ya jamii na bado haijasajiliwa. Wazee 12 wameshatia sahihi barua ya kukubali mradi. Vijana wanataka ajira, akina mama wanaoteka kwenye visima vya mchanga hawataki hata kusikia. Ripoti ya mazingira inasema maji "yanatosha". Je, barua ya wazee ina nguvu kisheria? Na tuanze kukagua nini?

Sheria_Vijijini:
Hiyo barua ni karatasi ya heshima tu. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016, kifungu cha 36, inataka mkataba wa uwekezaji ukubaliwe na theluthi mbili ya watu wazima wa jamii, kwenye mkutano ulioitishwa kwa ajili ya ofa hiyo hiyo. Kwa hiyo baraza la chifu la kugawa chakula cha msaada, likageuzwa katikati kuwa kikao cha mradi, halihesabiki.

Kasoro kubwa zaidi ni usajili. Kwa kifungu cha 6, ardhi isiyosajiliwa iko mikononi mwa kaunti kama mdhamini wenu, na kaunti hairuhusiwi kuiuza wala kuigawa kwa mtu binafsi. Mwekezaji akionyesha karatasi ya kaunti, ombeni nakala kwanza, mabishano baadaye. Someni kesi ya mradi wa umeme wa upepo wa Ziwa Turkana: Oktoba 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Meru iliamua kwamba hati za ekari 150,000 huko Marsabit zilipatikana kinyume cha sheria, na wakati huo mitambo ilikuwa imeshaanza kuzalisha umeme. Mwonyesheni mwekezaji hukumu hiyo. Anayejua hesabu ataona kusubiri usajili kunamfaa hata yeye.

Usajili wenyewe: orodha ya wanajamii, mkutano mkuu, kamati ya watu 7 hadi 15, kisha upimaji. Fomu hazikwamishi mtu. Kinachokwamisha ni mpaka, kwa sababu malisho ya ukame hutumiwa na jamii mbili au tatu, na mkiyachora kama shamba la mahindi mtakuwa mmefungua kesi na jirani kabla ya kumaliza ya hoteli.

Kuhusu ripoti, kanuni za tathmini ya mazingira za 2003 zinadai mikutano isiyopungua mitatu na watakaoathirika, mabango, na matangazo ya redio kwa lugha ya hapo. Nendeni moja kwa moja kwenye viambatisho, orodha za mahudhurio. Tafuteni jina la mwanamke hata mmoja anayeteka hapo lagani. Mkikuta mwandiko mmoja ukurasa mzima, pigeni picha. NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, ikitoa leseni, rufaa kwenye Jopo la Kitaifa la Mazingira (National Environment Tribunal) ni ndani ya siku 60. Msizimalize kwa kuandika barua za malalamiko.

Pampu_na_Mchanga:
Yote sawa, ila mimi ningeanza na maji, maana hata vijana wanaotaka ajira hawatabishana na tarakimu. Daini tatu: kisima kirefu cha hoteli kinatoa lita ngapi kwa saa, maji yalishuka mita ngapi pampu ikifanya kazi, na yalichukua muda gani kurudi.

Makadirio ya haraka. Wageni 80 kwa lita 400 kila mmoja, jikoni na dobi ndani: 32,000 kwa siku. Wafanyakazi 60 kwa lita 80: 4,800. Bwawa la mita 10 kwa 25, likipoteza milimita 7 kwa siku kwa jua la huko: 1,750. Nyasi, mita za mraba 1,000 tu: 7,000. Jumla lita 45,550. Mbuzi akinywa lita 5, hayo ni maji ya mbuzi zaidi ya 9,000. Na tazameni: watu hugombania bwawa kwa sababu linaonekana, kumbe nyasi zinakunywa mara nne yake. Mkipata jambo moja tu mezani, liwe kuondoa nyasi.

Kisima cha mita za ujazo 3 kwa saa, kikisukumwa saa 10, kinatoa lita 30,000. Hazifiki. Hapo ndipo pampu huachwa ikinguruma usiku kucha.

Jaribio la pampu liwe saa 24 mfululizo bila kuzima, kisha maji yapimwe yanavyorudi. Lifanywe mwisho wa kiangazi. Laga ikiwa imetoka kutiririka, kila kisima ni kizuri. Mtu wenu akae kwenye visima vya mchanga na mkanda wa kupimia: asome kabla pampu haijawashwa, kila nusu saa kwa saa 6 za kwanza, halafu kila saa. Ndoo zitakazotekwa siku hiyo zihesabiwe, vinginevyo watasema akina mama ndio walioshusha maji. Na maji yanayosukumwa yapelekwe kwa bomba mbali, chini ya mkondo. Yakimwagwa hapo hapo mchangani yanazama na kurudi, na jaribio zima ni uongo.

laga_kavu:
Shukrani sana. Wanadai maji ya chini ni ya chumvi na watayachuja kwa mashine, kwa hiyo yetu hayaguswi.

Pampu_na_Mchanga:
Hapo ndipo pabaya zaidi, ndugu. Mashine ikitoa asilimia 60 maji safi, zile lita 45,550 zinahitaji karibu 76,000 kutoka ardhini, na lita 30,000 za chumvi kali zinabaki kila siku. Zinakwenda wapi? Kwa milimita 7 kwa siku, bwawa la kuzikausha linapita ekari moja, na maji ya chumvi hukauka polepole zaidi ya hapo. Fungueni ramani ya mradi. Bwawa hilo lisipochorwa, laga ndilo bwawa. Na chumvi kule chini haithibitishi kwamba maji ni mawili yasiyokutana. Mkanda wa kupimia ndio utakaosema.

Mzee_wa_Bikoni:
Nyongeza mbili. Mgao wenu uwe asilimia ya mapato yote kabla ya gharama, au ada ya kila kitanda kwa usiku. Mkikubali asilimia ya faida, hoteli itajilipisha "ada ya usimamizi" kwa kampuni dada na faida haitaonekana kamwe. Mkataba ukisema ekari 20, tembeeni bikoni (alama za mpaka) zote kwa GPS na vijana wawili kutoka kila upande wa ubishi; ekari 20 za maandishi zinaweza kuwa 60 ardhini, njia ya mifugo kwenda majini ikiwa ndani.

Na kile kipimo cha kiangazi alichosema mwenzangu kiandikwe kwenye mkataba: maji ya visima vya mchanga yakishuka mita moja chini yake, pampu ya hoteli inazimwa na hoteli inaagiza lori la maji. Chumba cha mita ya maji kiwe na kufuli mbili, ufunguo mmoja ukae na kamati.