Mjadala: Tumdai mjusi wa Tendaguru, au tuanze na wenzake wasiotajwa?

Mkazi wa Upanga:
Kila suala la malikale yaliyochukuliwa na Wajerumani linapoibuka, tunarudi kwa yuleyule mjusi mkubwa, dinosaria wa Tendaguru mkoani Lindi, aliyesimamishwa Berlin mwaka 1937, mwenye kimo cha zaidi ya mita 13. Hoja yangu ni kwamba tumemng'ang'ania yeye mpaka tumewasahau wenzake waliofukuliwa katika eneo hilohilo kati ya mwaka 1909 na 1913. Dinosaria Kentrosaurus, kwa mfano, alikuwa na urefu wa takriban mita 4 na nusu tu, na mabamba ya mfupa yaliyoanzia shingoni mwake yaligeuka kuwa miiba mirefu kadiri yalivyoelekea mkiani. Je, tuendelee kumdai mmoja, au tudai kwanza wataalamu wetu wawezeshwe kuwasoma wote, wakiwamo ambao bado wamo ardhini?

Mwana wa Mbagala:
Ndugu yangu, swali hili linawapa Wajerumani pa kupumulia. Zaidi ya tani 200 za mifupa zilibebwa vichwani na watu wetu kwa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi, wakati kusini bado kunauguza majeraha ya Vita vya Maji Maji. Namtaka mjusi mwenyewe. Hao wengine ni vipande vipande ambavyo havitamvuta mwanafunzi yeyote kwenda makumbusho.

Binti Lindi:
Sitalipita hilo la "vipande vipande". Dysalotosaurus, mla majani mdogo aliyetembea kwa miguu miwili, alipatikana Tendaguru kwa wingi, wachanga na wakubwa pamoja, na ndiyo sababu anatufundisha mambo ambayo mjusi mmoja mkubwa hawezi kutufundisha. Mfupa wake wa paja ukikatwa kipande chembamba cha kupitisha mwanga na kuwekwa chini ya hadubini, yanaonekana matabaka ya kukua haraka na ya kukua polepole yakifuatana, na kwa matabaka hayo wataalamu wamekadiria kwamba alifikia umri wa kuzaa akiwa na miaka 10 hivi. Pingili moja ya uti wa mgongo wake ina hata dalili za ugonjwa wa mifupa unaofanana na ule unaowapata binadamu. Kaka, hayo ndiyo unayoyaita vipande?

Kigamboni Feri:
Dada, umemtaja kwa jina la kwanza ukaliacha la pili. Jina lake kamili ni Dysalotosaurus lettowvorbecki, alilopewa mwaka 1919 kwa heshima ya Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani hapa katika Vita vya Kwanza vya Dunia, ambaye vita vyake viliua wapagazi wa nchi hii kwa maelfu. Pale mtaa wa Samora, Dar es Salaam, Sanamu ya Askari inawakumbuka askari na wapagazi wa vita hivyo, halafu mnyama wa ardhi yetu anabeba jina la kamanda! Kabla ya kuzungumzia paja, lifutwe jina hilo.

Mwalimu wa Tabata:
Halifutiki kwa hasira, mzee wangu. Kanuni za kimataifa za majina ya wanyama hulinda jina lililotangulia kutolewa kihalali, na kuwaudhi watu si sababu inayotosha kulibadili. Lakini wapo waliopewa majina mengine. Mwaka 2007 dinosaria mmoja wa Tendaguru, anayejulikana kwa pingili za shingo, aliitwa Australodocus bohetii, kwa heshima ya Boheti bin Amrani aliyewasimamia wachimbaji.

Mwana wa Mbagala:
Mwaka 2007! Mtu aliyeijua ardhi ile kuliko mabwana zake amekumbukwa baada ya karibu miaka 100, tena kwa pingili za shingo, nawe unatuletea kama zawadi. Mwalimu, mimi sishukuru kwa hilo.

Mwalimu wa Tabata:
Sikukuomba ushukuru. Nimeeleza kanuni, na kumtaja Boheti ni haki yake, si hisani ya mtu.

Mkazi wa Upanga:
Turudi kwenye swali. Mwaka 2019 alitangazwa Mnyamawamtuka, dinosaria wa shingo ndefu aliyeishi miaka milioni 100 hivi iliyopita, aliyepatikana kwenye ukingo wa mto Mtuka, bonde la Rukwa, na pingili zake za mkiani zina umbo la moyo. Kabla yake kuna Nyasasaurus wa bonde la Ruhuhu, ambaye huenda ndiye dinosaria wa kale kuliko wote wanaojulikana. Mabaki yake ni mfupa wa mkono na pingili chache tu, lakini tishu ya mfupa huo inaonyesha kwamba alikua haraka. Mfupa wenyewe ulichukuliwa enzi za mkoloni, na sasa uko London. Nani kati yetu amewahi kuudai?

Mwana wa Mbagala:
Basi na huo wa London uingie kwenye orodha. Wa kwanza abaki mjusi.

Binti Lindi:
Abaki wa kwanza, sina ugomvi, ila chini yake ziandikwe kumbukumbu na michoro ya uchimbaji iliyobaki Berlin. Mifupa mingi ya Kentrosaurus ilipotea katika Vita vya Pili vya Dunia, na bila kumbukumbu hizo hatutajua mfupa upi ulitoka shimo lipi, wala kama wanyama wale walifia pamoja au walikusanywa na maji. Mjusi akirudi bila kumbukumbu zake, tutakuwa tumepewa umbo tu la kutazama.