Naomba ushauri: Nimemnunulia mpwa wangu riwaya ya Star Wars, kumbe imejaa damu

Mjomba_wa_Minnesota:
Shikamooni wakubwa, na wengine habari za jioni. Mpwa wangu ana miaka 11, na anazipenda filamu za Star Wars kiasi kwamba nilipoiona riwaya ya Death Troopers ya Joe Schreiber, iliyotoka mwaka 2009, katika duka la vitabu vilivyotumika, nilimnunulia bila hata kuifungua. Nilipoisoma mwenyewe usiku niliduwaa. Meli ya wafungwa inaharibika angani, wanaotumwa kutafuta vipuri katika manowari iliyotelekezwa wanarudi na ugonjwa, karibu kila mtu anakufa, kisha maiti zinainuka na kuwatafuna walio hai. Ukiondoa damu hiyo, sikuona mwandishi ana lipi la kutuambia kuhusu ulimwengu tuliouzoea. Mtoto amesoma sura tatu tu. Nimwachie amalize?

Mwalimu_Mstaafu:
Marahaba. Mzazi anayenunua kitabu bila kukisoma hana tofauti na anayenunua dawa bila kutazama karatasi yake. Vijana wa siku hizi mnaona nembo mnayoijua, basi mnatoa pesa.

Kitukuu_cha_Zimwi:
Bibi yangu alitusimulia habari za zimwi lililowameza watoto wa kijiji kizima, tena akasimulia taa ikiwa imezimwa, na alipofika pale wanapotolewa kupitia kidole gumba kilichopasuliwa, kaka yangu alikojoa mkekani. Leo kaka huyo ni daktari wa upasuaji.

SitiMsomaji:
Kaka, hofu yako imelizidi swali lako. Kuna jambo hujatuambia?

Mjomba_wa_Minnesota:
Lipo, dada. Shemeji yangu, baba wa mtoto huyu, alifariki mwezi Machi. Riwaya yenyewe inaanza na ndugu wawili wa kiume, mdogo ana miaka 13, na baba yao amefia humo humo melini. Kwa hiyo kitabu nimekwisha kukificha juu ya kabati na nimemwambia kimepotea. Msinilaumu, dada yangu anafanya kazi za usiku na mimi ndiye ninayebaki na mtoto.

SitiMsomaji:
Pole sana kwa msiba. Ila hapo hukuja kuomba ushauri, umekuja kuombewa radhi.

Mwewe77:
Mwambie hayo yote hayakutokea. Mwezi Aprili 2014 Lucasfilm, kampuni yenye Star Wars, walitangaza kwamba riwaya za zamani hazihesabiki tena katika historia rasmi. Mimi nilifarijika mno, kwa sababu katika riwaya ya mwaka 1999 walimuua Chewbacca, lile jitu la manyoya ambalo ni rafiki wa shujaa Han Solo katika filamu, kwa kumwangushia mwezi mzima, na sijawasamehe hadi leo.

Kitabu_Chakavu:
Naomba radhi kwa mfiwa, ikiwa yupo, lakini uzi huu unanukia chai. Jalada la Death Troopers lina kofia ya askari inayoning'inia kwenye ndoano, ikiwa na damu. Ulinunuaje bila kushtuka?

Mjomba_wa_Minnesota:
Nakala yangu ni ya jalada gumu, na karatasi yake ya nje ilikuwa imekwisha kupotea. Limebaki gamba tupu. Siwezi kutunga uongo juu ya marehemu. Jana tu, tukiwa mezani, mtoto aliniuliza Han Solo na Chewbacca walitenda kosa gani hata wakafungiwa peke yao. Hilo nalo nimelitunga?

Kitabu_Chakavu:
Ndugu, Han Solo na Chewbacca hawamo katika sura tatu za mwanzo. Daktari wa meli anawakuta katika vyumba vya upweke baadaye sana, wakati karibu wote wamekwisha kufa. Ama wewe hujakisoma kitabu, ama mtoto amefika mbali kuliko unavyodhani.

Mjomba_wa_Minnesota:
Nimekisoma chote, na hapo nilipitiwa. Nimetoka kupanda kiti sasa hivi. Juu ya kabati hakuna kitu, na taa ya chumbani kwake inawaka. Naenda kuketi naye.