Mdogo wangu (21) hali chochote ila mayai ya kuchemsha, anasema kwenye chakula kingine tunamwekea kitu. Naombeni ushauri

Dada_Mkubwa
Wakuu habari za jioni. Miaka yote nasoma tu nyuzi za wenzangu, leo yamenifika.

Mdogo wangu wa kiume yuko mwaka wa pili chuo, Dodoma. Mtoto mcheshi, kwenye harusi za ukoo ndiye MC wetu wa bure. Mwaka jana likizo ndefu alirudi Dar kimya, tukasema uchovu. Mwezi huu wa tatu karudi na sup nne (mitihani ya kurudia), na sasa naogopa.

Anashinda chumbani, pazia limefungwa. Joto lote hili kavaa sweta lile lile wiki ya tatu, kuoga mpaka mama agombe. Saa tisa usiku namsikia anatembea, anaongea kama anamjibu mtu. TV kaifunika kanga, eti watangazaji wanamtaja. Ugali hagusi, wali hagusi. Anachemsha mayai mwenyewe, anamenya mwenyewe, kisha analigeuza yai kwenye taa kama fundi saa ndipo ang'ate. "Ganda halijapasuka, hapa hamjaingia," ananiambia.

Mama anasema karogwa na upande wa baba. Mjomba ana mganga wake Bagamoyo. Baba anasema ni bangi, apelekwe kijijini akashike jembe. Nikitaja hospitali mwenyewe anawaka: "Mnataka niitwe chizi." Nifanyeje?

Kijiwe_Nongwa
Bangi hiyo, baba yuko sahihi. Mnamdekeza.

Mzigua90
@Kijiwe_Nongwa na sisi tulisema hivyo hivyo. Kaka yangu tulimzungusha kwa waganga mwaka na nusu, ng'ombe wawili wakaenda. Siku tuliyofika hospitali daktari akauliza, "Ameanza lini?" Mama akaangalia chini.

Nesi_wa_Zamu
Pole sana dada. Nipo wodi ya afya ya akili, ila siwezi kumpa mtu ugonjwa kupitia simu. Kijana kufunga mlango ni ujana tu. Kinachonishtua kwako ni vitu kuporomoka pamoja: usingizi, usafi, masomo, halafu sauti na hofu ya kuwekewa sumu. Magonjwa ya akili kama skizofrenia na baipola hupenda kujitokeza umri huo huo, mwishoni mwa ujana na miaka ya ishirini, na kadiri mtu anavyokaa bila tiba ndivyo kupona kunavyokuwa kugumu.

Bangi kweli inaweza kuamsha au kuzidisha tatizo. Lakini hata ikiwa ndiyo, tiba yake si jembe. Hospitali watauliza hilo, na watampima mwili pia, kwa sababu malaria, kaswende, hata kifafa vinaweza kumvuruga mtu hivyo hivyo.

Kuhusu sumu usibishane naye, wala usimkubalie. Mwambie unaona anaogopa. Na tafadhali, msimchanganyie dawa kwenye chakula kwa siri. Akigundua, hata mayai yataisha.

Muulize waziwazi kama anawaza kujiua, au kama hizo sauti zinamwamuru kitu. Kuuliza hakumwingizii wazo hilo kichwani. Akisema ndiyo, msimwache peke yake, mpelekeni dharura usiku huo huo.

Mama_Ibada
Na maombi je? Msimsahau Mungu jamani.

Nesi_wa_Zamu
@Mama_Ibada mwombeeni, mama. Ila anayemwombea asimkataze dawa, na kijana asifungwe kamba.

Niliyerudi
Dada, mdogo wako huyo nilikuwa mimi, 2014. Mimi nilikuwa nikilala na viatu, tayari kukimbia.

Mtu akinitajia kichwa changu nilikuwa adui yake. Dada yangu akapitia kwenye usingizi: "Mdogo wangu hulali, twende tukatafute dawa ya usingizi." Hilo nililikubali maana nilikuwa nimechoka kupita maelezo. Na hakunidanganya, daktari alianzia hapo hapo.

Dawa ya kwanza, haloperidol, ilinikaza shingo, nikaamini sumu ndiyo hii sasa. Mwambieni mapema kwamba hiyo hutokea, na kwamba ipo dawa ya kulegeza. Halafu nilipojiona mzima nikaacha kumeza. Miezi minne haikuisha, nikarudi kule kule. Leo nina bodaboda mbili na binti anayenisumbua.

Dada_Mkubwa
@Niliyerudi nimesoma nikalia. Tuanzie wapi, hospitali ya akili ya Mirembe? Mama akisikia jina hilo atazimia.

Nesi_wa_Zamu
Hapana, hakuna haja ya kufika Dodoma. Anzeni kliniki ya afya ya akili, hospitali ya rufaa ya mkoa iliyo karibu nanyi. Ikibidi, Muhimbili wana idara yao.

Dada_Mkubwa
MREJESHO: Nimemuuliza lile swali la kujiua, mkono ukinitetemeka. Kasema hapana, ila zile sauti zinamchosha. Ni mara ya kwanza anakiri kwamba zipo. Nikamwambia habari ya usingizi, akanyamaza muda mrefu, kisha akauliza foleni huwa ndefu kiasi gani.

Tunatoka kesho saa kumi na mbili asubuhi. Mayai sita yako jikoni, kayachemsha mwenyewe. Kasema niyabebe mimi.