Mafundi wa sola, acheni kuchomekea paneli mpya kwenye za zamani bila kusoma kibandiko cha nyuma!

Wakuu, huu ni uzi wa malalamiko na sitamung'unya maneno. Kazi ya kuongeza paneli kwenye mfumo ambao tayari upo imegeuka kuwa kazi ya kupanda juu ya bati na konekta mbili za Y (za kuunga paneli mbili kwenye waya mmoja) mfukoni. Fundi anachomeka, anashuka, anaonyesha taa ya kijani kwenye kontrola (kifaa kinachosimamia umeme wa paneli unaokwenda kwenye betri): "Bosi, sasa una wati mia sita." Hizo mia sita ziko kwenye hesabu ya kujumlisha ya darasa la pili. Kwenye betri hazipo.

Chukueni mfumo wa kawaida kabisa. Paneli mbili za wati 150, zile za seli 36, kila moja ikiwa kazini inatoa volti 18 na ampea 8.3. Zimefungwa sambamba (chanya kwa chanya, hasi kwa hasi), kontrola ni ya aina ya PWM, betri ni ya volti 12. Mwenye nyumba ananunua paneli ya wati 330 ya seli 72, volti 37, ampea 8.9. Fundi maiko anaiunga sambamba na zile mbili. Karatasi inasema 630.

Sasa tuone. PWM haibadilishi volti. Ni swichi tu, inafunga na kufungua kati ya paneli na betri, kwa hiyo betri ikiwa kwenye volti 13, kila paneli inaburuzwa hadi hapo hapo. Ampea zinajumlishwa: 8.3 na 8.3 na 8.9 ni 25.5. Zidisha kwa 13 unapata wati 331. Paneli mpya ya 330 imechangia wati 116 tu. Mtu kalipia ng'ombe, kafungiwa mbuzi.

Na hapo bado sijagusa waya. Waya wa shaba wa milimita 4 za mraba, kutoka juu ya paa hadi kontrola mita 20, ni mita 40 kwenda na kurudi. Ukinzani wake ni karibu omu 0.18. Zamani ulipitisha ampea 16.6 ukapoteza volti 3. Sasa unataka kupitisha 25.5 kwenye waya ule ule, unapoteza volti 4.6. Maana yake ili betri ipate volti 13, paneli lazima zisukume volti 17.6. Lakini paneli ya volti 18 ni 18 ikiwa kwenye nyuzi joto 25. Jua la utosini seli zikifika nyuzi 60, hiyo 18 inashuka hadi 15 na ushee. Kwa hiyo paneli mpya, yenye volti za kumwaga, inaendelea kusukuma, na zile mbili za zamani zinabaki nyuma zikitoa kidogo. Ndiyo maana watu wanalalamika eti "tangu niongeze paneli, za zamani zimekufa". Hazijafa, zimezidiwa nguvu kwenye waya mwembamba.

Betri ikijaa ndiyo mbaya zaidi. Kontrola inakata njia ya kwenda betri, ampea za paneli ya volti kubwa hazina pa kwenda, zinarudi kupitia zile za volti ndogo na kuzipasha moto bure.

Kinachoniudhi ni kwamba paneli hizo hizo tatu zinaweza kukaa pamoja vizuri tu! Tazameni ampea: 8.3, 8.3, 8.9. Zinakaribiana. Kanuni ni moja na haijawahi kubadilika: kwenye mfululizo (chanya ya moja kwa hasi ya nyingine) ampea ndizo zifanane, kwenye sambamba volti ndizo zifanane. Wati zinaweza kupishana utakavyo. Zifunge tatu kwa mfululizo, 18 na 18 na 37 ni volti 73, ampea zinafuata ile ndogo, 8.3. Hiyo ni wati 606 kati ya 630, na waya ule ule wa milimita 4 unapoteza volti 1.5 tu kati ya 73. Sharti lake ni kontrola ya MPPT (inayogeuza volti za ziada za paneli kuwa ampea za betri) yenye uwezo wa volti 150 upande wa paneli na ampea 50 upande wa betri. Ya volti 100 itabana: Voc (volti za paneli ikiwa haijaungwa na chochote) za hizo tatu zinafika kama 91 kwenye nyuzi 25, na alfajiri ya baridi kali zinapanda juu zaidi.

Hapo kwenye baridi ndipo kontrola nyingi zinapokufa. Voc inapanda kwa takriban asilimia 0.3 kwa kila nyuzi moja inayoshuka chini ya 25. Paneli mbili za wati 550, kila moja Voc 49.8, ukizifunga mfululizo ni volti 99.6. Fundi anaona kontrola imeandikwa 100V, anasema zimetosha kabisa. Nyuzi 10 asubuhi, ziko kwenye 104. Ampea zikizidi, MPPT nzuri inazikata yenyewe na kuendelea na kazi. Volti zikizidi haina ujanja, inaungua, na dhamana haitalipa.

Paneli hizo za 550 zina ampea 13, kwa hiyo mfululizo na za 8.3 usijaribu. Zipeni kontrola yake. Betri moja inaweza kulishwa na kontrola mbili bila tatizo lolote, mradi zote ziwekwe aina moja ya betri na volti zile zile za kujaza (14.4 na 13.6 kwa betri nyingi za asidi za volti 12, hata hivyo soma karatasi ya betri yako), na kila moja iwe na fyuzi yake karibu na betri. Anayekwambia kontrola mbili "zinapigana" hajui anachosema. Moja ikiona betri imekaribia kujaa itapunguza mapema kidogo, basi.

Halafu hizi PWM zinazobandikwa stika ya MPPT. Kuzitambua ni dakika mbili. Betri iwe haijajaa, jua liwe kali, paneli iwe ya volti kubwa kuliko betri kwa mbali. Pima ampea kwa klampu mita (ya kukumbatia waya kwa nje) inayosoma DC (umeme wa paneli na betri): kwanza kwenye waya wa paneli, kisha kwenye waya wa betri. Zikilingana, umeuziwa PWM. MPPT ya kweli ampea za betri huwa nyingi kuliko za paneli. Na kama kitu ni chepesi kama rimoti ya TV, kimeandikwa 60A, huhitaji hata mita.

Mafundi mliomo humu, karibuni mjitetee.

---

#2

Mkuu umesahau fyuzi za upande wa paneli, na hapo ndipo nyumba zinapoungua. Paneli mbili sambamba hazina shida. Ya tatu ikiingia sambamba, hesabu inabadilika: moja ikipata shoti, mbili zilizobaki zinaisukumia ampea zao zote, karibu 18, wakati kibandiko cha paneli kama hizo mara nyingi kinasema mwisho 15. Kuanzia mistari mitatu ya sambamba (mstari ni paneli moja au kadhaa zilizofungwa mfululizo), kila mstari na fyuzi yake ya DC.

Na breka za AC (za umeme wa kawaida wa nyumbani) kwenye sola, jamani! Umeme wa AC wa hezi 50 unapita kwenye sifuri mara 100 kwa sekunde, cheche inajizima yenyewe. DC haina sifuri. Breka ya AC ikijaribu kukata volti 90 za paneli, cheche inabaki inawaka ndani mpaka plastiki iyeyuke. Hata breka za DC zenyewe, nyingi zina alama za chanya na hasi, ukizigeuza hazikati.

Konekta nazo. Dume la kampuni moja na jike la kampuni nyingine vinaingiana na kulia "tik" vizuri kabisa, ila pini hazikamatani sawasawa. Baada ya miezi kadhaa plastiki inageuka kahawia upande mmoja, ukivuta inatoka na pini iliyoungua. Kata zote mbili, weka jozi ya kampuni moja, bana pini kwa koleo lake. Koleo la kawaida la kukatia waya halibani, linaponda tu.

---

#3

Naongezea upande wa betri maana wote wanaangalia paa tu. Hizo wati 606 kwenye betri ya volti 12 ni ampea 46. Betri nyingi za jeli hazitaki kujazwa kwa ampea zaidi ya asilimia 20 ya uwezo wake, yaani ya Ah (ampea-saa) 200 mwisho ampea 40. Ukiwa na moja ya Ah 100, mwisho wake ni 20. Utaikuta imevimba ubavu, halafu lawama zinakwenda kwa betri. Lithiamu inavumilia zaidi, nyingi zinapokea nusu ya uwezo wake, lakini soma ya kwako. Kama kontrola ina sehemu ya kuweka kikomo cha ampea, kiwekwe siku hiyo hiyo paneli zinapoongezwa.

---

#4

Wenye inveta za haibridi (zenye MPPT ndani yake) na nyie msijione mmepona. Ukiwa na mistari miwili ya paneli 6 kwenye mlango mmoja wa MPPT (tundu la kuingizia nyaya za paneli), huwezi kuongeza paneli moja kwenye mstari mmoja ukauacha mwingine na 6. Unaongeza mbili, moja kila upande, au hizo mpya zinakwenda mlango wa pili. Na mlango wa pili una volti yake ya kuanzia: ukiwa ni 120, paneli mbili za volti 41 hazitauamsha hata jua likiwaka vipi. Zinatakiwa angalau nne ili joto likishusha volti bado uwe juu ya hiyo 120.

---

#5 (mwanzisha uzi)

#2 na #3 mmemaliza, hasa hiyo ya pini. Nadokeza utaratibu maana hata huu unakosewa kila siku: kabla ya kugusa chochote, kata paneli kwanza kwa breka ya DC, kisha betri. Wakati wa kurudisha, betri kwanza ili kontrola itambue ni 12 au 24, halafu paneli. Usichomoe konekta ampea zikiwa zinapita. Kabla ya kuchomeka mstari mpya, pima Voc yake kwa mita, linganisha na kibandiko, hakikisha chanya ni chanya. Isc (ampea za paneli ikiwa imeshotiwa) ya paneli kubwa usiipime kwa mita ya kawaida, tundu lake mara nyingi ni la ampea 10 na hizo za 550 zinatoa karibu 14. Tumia klampu.