Besimenti ya mita 6 kwa 4 nataka niigeuze sinema, projekta gani inafaa?

kobe_mzee:
Wakuu habari zenu. Nina besimenti imekaa tu imejaa makorokoro, mita 6 kwa 4, dari ipo chini kidogo kama mita 2.3 hivi. Nataka niifanye chumba cha sinema, skrini inchi 120, spika 7 na sabufa, makochi mistari miwili. Wife anasema nitoe kwanza makorokoro ndo tuongee 😂 Swali, projekta gani nichukue, na je trei za mayai ukutani zinazuia kweli sauti isipande? Maana watoto wanalala juu yake kabisa. Kuta ni tofali, rangi nyeupe, kuna kaharufu flani ka unyevu ila sio sana.

waya_mwekundu:
Mkuu mi nimeishia hapo kwenye kaharufu. Usinunue hata msumari kabla hujajua hayo maji yanatoka wapi. Kata nailoni kama nusu mita kila upande, ibandike ukutani kwa selotepu ngumu uzibe kingo zote, nyingine sakafuni, acha siku 2. Ukikuta matone upande wa nyuma unaogusa ukuta ujue maji yanapenya toka nje, yakiwa upande wa mbele huo ni unyevu wa hewa ya humo ndani, mashine ya kukausha hewa inaweza kutosha. Mi nilikuwa na haraka nikapiga jipsam na zulia, mwaka haujaisha nikang'oa vyote, nyuma kote ukungu mweusi na zulia huwezi kulisogelea.

sauti_ya_chini:
Trei za mayai achana nazo, hazizuii kitu. Watu wanachanganya kuzuia sauti isitoke na kupunguza mwangwi humo ndani, hizo ni kazi mbili tofauti. Sauti isitoke unahitaji uzito na kuziba kila upenyo, kwa hiyo kwako ni dari: jipsam mbili juu ya nyingine, zikae kwenye klipu za raba zisigusane na mbao za juu, katikati pamba ya mawe (rockwool, ile pamba nzito ya kunyonya sauti). Na mlango uwe mzito wenye raba pembeni, ukiacha uwazi pale chini kazi yote bure. Besi lakini itapita tu kiasi fulani, watoto wakilala punguza sabufa hakuna namna.

Mwangwi sasa, kaa kwenye kochi mtu atembeze kioo ukutani, kila unapoiona spika kwenye kioo hapo ndo weka paneli ya pamba ya mawe ya sentimita 10 uliyoifunika kitambaa. Sponji nyembamba zinakula sauti nyembamba tu, besi inabaki inaunguruma vilevile.

mtazamaji:
Mistari miwili sahau. Dari ikishuka sentimita 15 kwa hiyo jipsam unabaki na 2.15, ukiinua mstari wa nyuma sentimita 30 ili waone, mtu anasimama kwenye 1.85, mrefu atagonga kichwa, na bado kochi la nyuma litabanwa na ukuta ambapo besi inavimba vibaya. Weka mstari mmoja, mita 3.6 kutoka skrini, kwa inchi 120 hapo picha inajaza nyuzi kama 40 za upana wa macho yako yanavyoona, ni raha tupu. Usikae katikati kabisa ya chumba, kwa urefu wa mita 6 kuna besi nzito ya kwenye hezi 28 au 29 hivi (mitetemo kwa sekunde) inapotelea palepale kati. Sabufa iweke kwenye kochi utakapokaa, piga muziki wa besi, halafu tambaa pembezoni mwa kuta, pale utakaposikia besi imetulia ndo mahali pake. Utaonekana chizi ila inafanya kazi.

Projekta iwe ya mwisho, na hiyo rangi nyeupe ndo itakuua kabla ya projekta, mwanga wa skrini unagonga dari unarudi kufifisha weusi wote. Paka rangi nzito isiyong'aa, hasa dari na kuta za karibu na skrini.

kobe_mzee:
Wakuu nimerudi. Sakafu kavu, kuta tatu kavu, ila ukuta mmoja nailoni ina matone nyuma hadi yanachuruzika. Nimetoka nje kucheki, bomba la mfereji wa paa linamwaga palepale chini ya huo ukuta, sijui miaka mingapi. Projekta itasubiri, kesho nalirefusha bomba kwanza.

waya_mwekundu:
Likishakaa sawa subiri mvua kubwa zipite halafu rudia nailoni. Makorokoro uyatoe wakati unasubiri 😂