Mrejesho: fimbo ya kuvutia samaki bandia

Jamaa zangu, niliuliza nichukue fimbo gani ya kuvulia, ya kurushia samaki bandia wagumu, yaani chambo chenye umbo la samaki, wale wa kushtuashtua majini. Mlinambia niachane na ile ya futi 8, nishuke hadi 6 na nusu, nguvu ya wastani. Wallahi mlisema kweli. Ile ndefu, kila nikishtua kuelekea chini, ncha ilipiga maji. Na ugumu wake! Kolekole ananaswa, akijitupa mara moja tu ndoana zachomoka. Hii mpya ncha yapinda kidogo, mdomo hauchaniki.

Jana alfajiri mkono wa bahari wa Tudor, Mombasa, maji yakijaa: shtua, shtua, tulia. Mzia akadaka pale pale nilipotulia. Waya wa kukinga mshipi na meno yake makali nilisahau nyumbani (msinicheke), nusura aukate.